Siku moja maishani mwangu: GNOME, Plasma na Xfce ndani ya mashine moja

Saa 1:45 asubuhi. Nafungua maabara ya kompyuta ya chuo, hapa Dodoma, wanafunzi wakiwa bado njiani. Mashine ya karibu na dirisha imegota kwenye skrini nyeusi. Ni Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, yenye GNOME, eneokazi lake la kawaida (yaani sura ya madirisha na menyu), halafu mtu kaongeza eneokazi jingine, Plasma ya mradi wa KDE, kupitia kifurushi cha kubuntu-desktop. Mwanafunzi wa kwanza kufika ananisalimia, anaitazama, anasema, "Fundi, hii imekufa." Haijakufa.

Saa 2:10. Nabonyeza Ctrl+Alt+F3 na kuingia kwa maandishi matupu. GNOME huja na gdm3, programu ya kupokea watumiaji mlangoni. Plasma huja na sddm, na mlangoni hukaa mmoja tu. Faili la `/etc/X11/default-display-manager` linaitaja sddm, ilhali kiungo cha display-manager.service, kinachoiambia mashine iwashe ipi, kinaita gdm3. Sasa gdm3 ikiitwa, kwanza husoma lile faili. Ikikuta jina si lake, haiwaki. Na sddm yenyewe haijaitwa. Naandika `sudo dpkg-reconfigure sddm`, nachagua sddm, nawasha mashine upya. Kipindi kinaanza ikiwa tayari.

Saa 4:00. Chai na chapati. Kijana aliye kwetu kwa mafunzo ya vitendo anauliza kwa nini wasingetengeneza eneokazi moja yakaisha. Namwambia KDE ilianza 1996, GNOME ikafuata 1997, na tangu 2000 kuna freedesktop.org ya kuziwekea kanuni za pamoja. Mimi nafurahi kwamba ziko nyingi. Mashine ya GB 4 za RAM inapumua vizuri kwa Xfce, eneokazi jepesi.

Saa 5:00. Mhadhiri wa takwimu analeta laptopu yake. "Fundi, vikumbusho vya mikutano havitokei tena. Nimeambiwa nifomati."

"Hapana, Daktari, tusifike huko. Data zako zote zimo humu."

Yeye hutumia Xfce. Mwanawe ana akaunti yake kwenye laptopu hiyohiyo na hutumia Plasma. Nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kujaribu kutuma arifa: `notify-send "habari"`. Kimya. Kisha natafuta ni nani wanaodai kazi ya kuonyesha arifa:

`grep -r org.freedesktop.Notifications /usr/share/dbus-1/services`

Mafaili mawili yanatokea, moja la Xfce na jingine la Plasma, yote yakidai jina lilelile la kuonyesha arifa. Nafungua la Plasma. Mstari wa Exec, unaotaja programu ya kuwashwa, unaita plasma_waitforname, na kazi ya hiyo ni kusubiri Plasma iwake. Ndani ya Xfce Plasma haiwaki, kwa hiyo arifa hukaa foleni hadi muda wake unapita. Na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea kwenye skrini. Ndiyo maana watu hukata tamaa wakafomati.

Sifuti Plasma, mwanawe anaihitaji. Nanakili faili la Xfce na kuliweka kwenye `~/.local/share/dbus-1/services/` ya Daktari. Folda hiyo husomwa kabla ya ile ya mfumo, na inamhusu yeye peke yake. Anatoka, anaingia tena. "Habari" inajitokeza kwenye kona ya skrini, naye anapiga makofi.

Saa 8:00 mchana. Mashine nyingine: programu za GNOME zina rangi na vitufe vya Plasma. Kabla ya kugusa chochote natengeneza mtumiaji mpya kwa `sudo adduser jaribio`. Kwake kila kitu ni safi, basi tatizo limo kwenye folda ya nyumbani ya mwenye mashine. Plasma imeandika mtindo wake ndani ya `~/.config/gtk-3.0`. Naibadilisha jina folda hiyo, siifuti. Akiingia upya, rangi zimerudi.

Saa 10:00 jioni. Kuna mashine ambayo hakuna tena anayeitumia Plasma, naiondoa. Naanza na `apt-get -s remove`, inayoonyesha kitakachoondoka bila kuondoa kitu. Kijana wa mafunzo ndiye anayesoma orodha, na ndiye anayeiona sddm, ile ya mlangoni, katikati yake. Tunarudisha kwanza mlango kwa gdm3, tunawasha upya kuhakikisha, kisha namwachia yeye abonyeze Enter.