Leo Naliendele, pamoja na wazee waliopigana

Leo asubuhi tumewasindikiza wazee Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974.

Jua la Mtwara haliwafai wazee, kwa hiyo safari huanza mapema, baada ya chai na dawa za presha.

Viti, maji, na msindikizaji mmoja kwa kila mzee. Asiwe mtoto wake. Mbele ya mwanawe, mzee hujikaza akanyamaza.

Majina ya wenzake huandikwa jana yake, akiyataja mwenyewe. Bila hivyo atahangaika kaburi hadi kaburi, na akilipata analolitafuta atakuwa amekwisha nguvu.

Hotuba hapana, kamera hapana. Hotuba humrudisha kwenye gwaride, naye amekuja kuonana na rafiki.

Mzee mmoja leo alisimama kaburini akaanza kutoa habari za kijijini: nani kaoa, nani katangulia, mikorosho ya nani imeungua. Sauti ya kawaida kabisa, kama wako barazani.

Hapo usimshike bega. Usimpe maji. Subiri ageuke mwenyewe. Wengi huharibu hapa, tena kwa upendo tu.

Usiku wa leo ndio mgumu, ndoto hurudi. Asilale peke yake, na kesho kutwa apigiwe simu.

Wanaotaka kufika hadi Mueda, kule Msumbiji, watavuka mto Ruvuma, na hati ya kusafiria ishughulikiwe mapema.

Nyumbani kwenu yupo mzee aliyepigana kule? Amewahi kutaja jina la mwenzake? Tuandikieni hapa chini.