Volti 62 za baba mdogo

Jumamosi usiku. Upepo wa Julai umenijaza vumbi mpaka masikioni.

Leo nilikwenda Kizota, hapa Dodoma, kwa baba mdogo, anakochomelea mageti, na ombi nililolibeba wiki nzima: akishamaliza kazi aniazime mashine, nitengeneze radi ndogo. Nilishajiaminisha kwamba kitu chenye mwanga wa kuumiza macho vile lazima kina volti za kutisha.

Hakubisha. Alinipa mita tu. "Pima mwanangu."

Ncha moja kwenye holda inayoshika kijiti cha kuchomelea, nyingine kwenye klempu ya ethi. Sitini na mbili. Nikarudia: sitini na mbili. Soketi ya ukutani ina 230!

Kumbe lile litransfoma, ambalo hulinyanyui peke yako, linafanya kinyume kabisa cha nilichotaka. Linashusha volti na kupandisha mkondo, ampia mia na zaidi. Kinachoyeyusha chuma ni wingi wa mkondo. Ndiyo maana baba mdogo lazima akwaruze kijiti kwenye chuma kwanza ndipo kiwake. Hewa inadai takriban volti 3,000 kwa milimita moja ili ipasuke, na hizo 62 haziruki hata unene wa unywele. (Msongo mkubwa wenyewe, yaani volti nyingi, uko Zuzu, kwenye kituo cha kupoza umeme, na kule hawaazimi.)

Baadhi ya mashine za TIG, aina nyingine ya kuchomelea, zina kisehemu ndani kinachotupa maelfu ya volti kwa masafa ya juu, ziwake bila kugusa. Hicho ni ndugu wa koili ya kurusha radi ndogo aliyoibuni Nikola Tesla mwaka 1891. Ya baba mdogo haina.

Nikajitetea: wapenzi wa koili hizo huko Marekani wanatumia mashine za kuchomelea kama hii hii. Ni kweli, ila wanaitumia kubana mkondo unaoingia kwenye transfoma nyingine, ile ya msongo mkubwa. Radi inatoka huko. Na huko ndiko watu wanakofia.

"Kwa hiyo unaazima breki," akasema, "na gari huna."

Vijana wake wakacheka hadi wakaweka nyundo chini. Nikanywa chai yao, nikaondoka.

Sasa hivi nimevua sweta gizani. Ta-ta-ta, cheche za bluu, kubwa yao kama milimita mbili. Nimepiga hesabu hapa kitandani: volti elfu sita hivi, bila hata kununua LUKU. Nimelivaa tena.