Kufundisha mada ya umeme kwa projekta: uzoefu wangu wa mazoezi ya kufundisha wilayani Mufindi

Nilipopangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Mufindi, mada iliyokuwa ikinisubiri katika azimio la kazi la kidato cha pili ilikuwa ya umeme: sakiti (njia ambayo umeme hupita), mkondo, volti na ukinzani (kiasi ambacho kifaa huzuia mkondo). Vifaa vya kuifundishia vilikuwa vichache: amita moja (kipima mkondo), balbu kadhaa za tochi na vipande vya nyaya. Ilikuwapo pia projekta, imehifadhiwa kabatini katika ofisi ya taaluma. Mimi nasomea ualimu wa fizikia na hisabati katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, mjini Iringa, na somo la TEHAMA nilikuwa nimekwisha kulipitia. Hata hivyo, kutumia projekta mbele ya darasa lililojaa, katika chumba chenye madirisha mapana yasiyo na mapazia, ni stadi ambayo mtu huipata akiwa darasani penyewe.

Nilianza na chumba kabla ya somo. Jioni, baada ya wanafunzi kutawanyika, niliomba ufunguo nikajaribu kila ukuta. Ukuta wa mbele, wenye ubao, ulipigwa na mwanga wa madirisha kiasi kwamba maandishi hayakusomeka kutoka nyuma, ilhali kona ya upande wa mlango ilikuwa na kivuli cha kutosha. Nikabandika hapo karatasi nyeupe za manila, nikapanga madawati yaelekee huko kwa mshazari ili mwanafunzi aweze kuona kona na ubao kwa pamoja. Projekta ilikuwa na tundu la VGA na kompyuta yangu mpakato ina HDMI pekee, hivyo nilinunua adapta Mafinga mjini. Jambo jingine dogo lililonisaidia sana ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, ambako mtu huchagua picha ionekane kwenye kompyuta, kwenye projekta, au kwenye vyote viwili.

Programu niliyoitegemea ni ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hutolewa bure, na majaribio yake mengi ya kuigiza yanaweza kupakuliwa, kila moja kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Kwa shule ambayo mtandao wake ni wa simu tu, na ambao hufifia mvua ikinyesha, hilo ndilo lililoamua uchaguzi wangu. Nilipakua majaribio yote niliyoyahitaji nikiwa Iringa, nikayahifadhi na kwenye flashi.

Mwalimu mlezi wangu, mama aliyefundisha fizikia kwa miaka mingi, alisoma andalio langu la somo kwa makini kisha akaniuliza, "Mwalimu, wakati picha inaonekana, wanafunzi wanafanya nini?" Nilimjibu kwamba wataangalia na kuandika. Akasema, "Kuangalia si kazi. Wape swali la kubishania kwanza." Ushauri huo ndio uliokipa kipindi changu umbo lake.

Nilichora ubaoni sakiti yenye betri na balbu mbili kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, nikauliza balbu ipi itawaka zaidi. Wengi walinyoosha mikono wakisema ya kwanza, kwa sababu inakula umeme kabla ya mwenzake. Dhana hiyo imejikita mno katika vichwa vya wanafunzi, na maelezo matupu hayaing'oi. Kila mmoja aliandika utabiri wake na sababu, ndipo nikawasha projekta. Kwenye programu nilikuwa nimeweka betri ya volti 9 na balbu zenye ukinzani wa omu 10 kila moja. Balbu moja ilipitisha mkondo wa ampia 0.9, na tulipoongeza ya pili kwa mfululizo, amita ilisoma 0.45 kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Darasa lilichangamka. Mwanafunzi mmoja alisimama akawaeleza wenzake, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza, kwamba mkondo hauliwi popote njiani. Tulipoziunga sambamba, yaani kila moja kwenye njia yake, kila balbu ilipata ampia 0.9, na mkondo wa betri ukawa 1.8.

Programu hiyo huonyesha elektroni, yaani chembe ndogo zinazobeba umeme, kama vijiduara vinavyotembea ndani ya waya. Niliwaeleza kwamba huo ni mchoro wa kufikirisha tu, kwani elektroni hazionekani, na katika waya wa kawaida mwendo wao wa jumla huwa mdogo sana, mara nyingi chini ya milimita moja kwa sekunde. Naamini mwalimu anayetumia vielelezo vya namna hii anawajibika kusema bayana mahali kielelezo kinapoachana na kitu halisi.

Somo lililofuata lilinithibitishia hilo. Vikundi vilipewa betri za tochi na balbu halisi, na msichana mmoja akaona kwamba alipounga balbu ya pili sambamba, ile ya kwanza ilififia kidogo, jambo ambalo kwenye ukuta halikutokea. Alitaka kujua kipi ni cha kweli. Betri halisi ina ukinzani wake wa ndani, na mkondo unapoongezeka, sehemu ya volti hupotea humo humo, ilhali betri ya programu ilikuwa imewekwa bila ukinzani huo. Programu inaruhusu kuuongeza, nikauongeza mbele yao, na balbu ya kwanza ikafifia kama ile ya mezani kwao. Sijapata swali bora zaidi ya hilo katika mazoezi yangu yote, na lisingezuka kama tungetumia kimojawapo peke yake.

Umeme wa shule ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo andalio langu lilikuwa na safu mbili kwa kila hatua: kazi ikiwa umeme upo, na kazi ileile kwa ubao na betri za tochi. Mchoro wa sakiti uliachwa ubaoni wakati wote, na utabiri ulikuwa daftarini. Projekta ilipozimika katikati ya kipindi, majadiliano yaliendelea.

Nilipomaliza mazoezi nilimwachia mwalimu mlezi flashi yenye majaribio hayo pamoja na maandalio ya safu mbili. Ameniarifu kwamba ameyatumia kufundisha kanuni ya Ohm, inayohusisha volti, mkondo na ukinzani, katika kidato cha tatu, na kwamba sasa wanafunzi ndio wanaopanga madawati kuelekea kona kabla hajaingia.