Siku moja ya kujiandaa kwa mahojiano ya umeneja wa bidhaa: oda, raida na hesabu za kalamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mahojiano ni kesho saa nne. Nafasi ni ya meneja wa bidhaa, yaani anayeamua programu na huduma iboreshwe vipi, katika kampuni ya kupeleka chakula hapa Nairobi. Chai ikichemka, nachora kwenye karatasi safari ya oda moja. Mkahawa kuikubali kwenye tableti, dakika 2. Kupika na kufunga, dakika 15. Wakati huohuo raida, yaani mpeleka chakula kwa pikipiki, yuko njiani kwenda mkahawani. Raida kusubiri kaunta, dakika 10 siku mbaya. Barabarani, 14. Langoni, kati ya mlinzi na simu za "niko hapa nje", 5. Chini ya kila hatua naandika nani haoni nini: mteja hajui kwamba mpishi ana oda nyingine kumi za watu waliokaa mezani, na raida hajui kwamba kuku wa oda yake bado hajaingia kwenye mafuta.

Karatasi hii inabaki mezani siku nzima. Wengi hujiandaa wakikodolea skrini ya mteja tu: kitufe kiwe na rangi gani, picha zipangwe vipi. Lakini pesa na dakika za biashara hii hupotelea jikoni na barabarani, na anayekuhoji anajua hilo kwa sababu ndilo linalomkosesha usingizi.

Saa mbili

Hesabu ya oda moja. Chukua oda ya shilingi 1,000. Kamisheni kutoka kwa mkahawa tuseme 25%, yaani 250, na mteja analipa 100 za kupelekewa. Zimeingia 350. Raida analipwa 180, kupitisha malipo 25, huduma kwa wateja 20, na fidia za oda zilizokosewa, zikigawanywa kwa oda zote, 20. Zimetoka 245, zimebaki 105. Sasa idara ya masoko ilete punguzo la shilingi 100: umebaki na 5, na bado hujalipa seva, wahandisi wala kodi ya ofisi. Tarakimu hizi ni za mazoezi. Cha muhimu ni kuweza kuziandika kwa dakika tatu bila kushika kikokotoo, kisha kusema ni ipi ungeigusa kwanza.

Jibu linalokuja haraka ni kumpa raida oda mbili katika safari moja. Akilipwa 180 kwa ya kwanza na 90 kwa ya pili, gharama ya kila oda inashuka hadi 135, umeokoa 45. Ila mteja wa pili anakula chipsi zilizolegea, kwa kuwa mvuke ndani ya mfuko uliofungwa huzilainisha ndani ya dakika chache. Kwa hiyo weka masharti: mikahawa iwe jirani, wateja wawe njia moja, na mteja wa pili asicheleweshwe zaidi ya dakika 7 hivi. Pilau huvumilia. Chipsi haivumilii.

Ukiulizwa "ungeingia mji upi?", kumbuka Desemba 2023: Jumia ilitangaza kufunga Jumia Food, huduma yake ya kupeleka chakula, katika nchi saba, Kenya na Uganda zikiwemo, na mwezi huohuo mshindani wake Bolt Food ikafunga Nigeria. Mei 2024 Glovo, mshindani mwingine, ikaondoka Ghana. Kabla ya kutaja idadi ya watu wa mji wowote, taja oda ngapi zinaweza kupatikana ndani ya kilomita 3 za mikahawa yake. Raida anayetembea kilomita 9 kwa oda moja anakula faida yote.

Saa nne

Maswali ya kukadiria. "Nairobi nzima inaagiza chakula mara ngapi kwa siku?" Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 jijini, kaya karibu milioni 1.5. Tuseme kaya moja katika kumi ina uwezo na inaishi panapofikika: kaya 150,000. Kila moja iagize mara mbili kwa mwezi, ni oda 300,000, sawa na 10,000 kwa siku.

Wengi huishia hapo. Lijaribu jibu lako kwa njia nyingine. Kama 30% ya oda huingia kati ya saa moja na saa tatu usiku, ni oda 1,500 kwa saa. Kila oda ikimshika raida dakika 40, unahitaji raida 1,000 barabarani kwa wakati mmoja, kampuni zote zikijumlishwa. Je, inaaminika? Kama haiaminiki, rudi kwenye ile kaya moja katika kumi uirekebishe mbele ya anayehoji. Kujisahihisha kwa sauti huongeza alama.

Saa sita na nusu

Saa hii ina thamani kuliko vitabu vyote vya mahojiano. Nenda mkahawa wenye oda nyingi, Kilimani au Westlands, agiza chakula chako, kaa karibu na kaunta na saa mkononi. Andika kila raida alipoingia na alipotoka na mfuko. Kumi wanatosha.

Utakachokiona kina sababu zake. Kaunta ina tableti za kampuni mbili tatu, na moja inalia bila wa kuisikiliza. Mhudumu anabonyeza "tayari" kabla chakula hakijaiva ili raida aje mapema asimcheleweshe. Mifuko imerundikwa bila namba, kila raida anafungua na kusoma risiti. Na mteja wa mezani anahudumiwa kwanza kwa sababu yeye yupo na ananuna.

Sasa geuza dakika hizo ziwe hesabu. Eneo linapokea oda 120 kwa saa mchana, na kila oda inamshika raida dakika 40: 120 × 40 ÷ 60 = raida 80 wanaohitajika kazini muda wote. Ondoa dakika 10 za kusubiri kaunta, wanatosha 60. Na raida mwenyewe anatoka oda moja na nusu kwa saa hadi mbili; kwa 180 kila moja, mapato yake yanapanda kutoka 270 hadi 360 kwa saa bila kampuni kuongeza hata senti kwa oda.

Dawa yake? Usiamini kitufe cha "tayari". Kadiria muda wa kupika kutokana na historia ya mkahawa huo, saa ya siku, na idadi ya vyakula kwenye oda, kisha mwite raida afike chakula kikikaribia kutoka. Taja na hatari yake: ukimwita kwa kuchelewa, chakula kinapoa kaunta. Kwa hiyo fuatilia vipimo viwili pamoja, dakika za raida kusubiri chakula na dakika za chakula kumsubiri raida. Anayetaja kimoja tu amefanya nusu ya kazi.

Saa nane mchana

"Oda zimeshuka 15% wiki hii. Fanya nini?" Kwanza uliza kama data ni nzima: ripoti imechelewa? Maana ya "oda" imebadilishwa? Kisha gawa kwa mtaa, saa, aina ya simu, njia ya malipo, wateja wapya na wa zamani. Halafu fuata hatua: kufungua programu, kufungua mkahawa, kujaza kikapu, kulipa, mkahawa kukubali. Watu wakijaza vikapu kama kawaida lakini malipo yameanguka, tazama M-Pesa: ujumbe wa kuweka PIN haufiki, au unafika oda ikiwa imeshajifuta. Vikapu vyenyewe vikipungua, huenda mkahawa mmoja mkubwa umefungwa.

Kisha kalenda. Wiki ya mshahara huilinganishi na wiki ya tarehe 20. Ramadhani oda za mchana hupungua na nyingi hukusanyika kabla ya futari. Njaanuari haihitaji maelezo. Mvua nayo ina ujanja wake: maagizo huongezeka huku raida wakipungua, kwa hiyo oda *zilizokamilika* zinaweza kushuka wakati hamu ya watu imepanda.

Saa kumi

Majaribio. Ukigawa wateja nusu kwa nusu kupima njia mpya ya kuwapangia raida kazi, umekosea, kwa sababu makundi yote mawili yanagombania raida walewale. Kundi moja likihudumiwa vizuri, jingine linaumia, na tofauti inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Wenye kazi hii, kampuni ya Marekani ya DoorDash ikiwemo, hubadilisha eneo zima kwa zamu: saa hii mfumo mpya, saa ijayo wa zamani, kwa mpangilio wa bahati nasibu. Zamu ikiwa fupi mno, oda zilizoanza chini ya mfumo mmoja huishia chini ya mwingine. Ikiwa ndefu mno, unabaki na zamu chache za kulinganisha.

Saa kumi na mbili jioni

Maswali ya "tueleze wakati ambapo…" Mifano mitano ya kazini, kila mmoja dakika mbili: hali ilikuwaje, jukumu lako, ulichofanya, namba iliyobadilika. Mpe mtu wa nyumbani ashike saa. Mmoja uhusu kumkatalia bosi, na mmoja uhusu kitu ulichokizima.

Saa mbili usiku

Maswali yangu kwao: raida wenu husubiri dakika ngapi kaunta saa saba mchana? Nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu malipo yao, timu ya bidhaa au ya uendeshaji? Mikahawa mingapi iliyojiunga mwaka jana bado inapokea oda? Mtu akikwepa yote matatu, hilo nalo ni jibu.

Mahojiano ni kwa video. Saa moja inaweza kumeza karibu GB 1, kwa hiyo nanunua GB 3, najaza chaji laptopu na simu ya akiba, na ile karatasi ya asubuhi naibandika ukutani nyuma ya kamera.