Siku moja maishani mwa mlengaji shabaha: yadi 1,000 pale Bisley

Saa 11:30 alfajiri

Julai, katika jimbo la Surrey kusini mwa Uingereza, jua huchomoza mapema kuliko saa ya kuamshia. Uwanja wa Bisley umekuwa ukilengewa shabaha tangu 1890. Wengi wanaokuja kushindana kutoka ng'ambo ni watu wenye kazi zao waliochukua likizo ya wiki mbili, na risasi wajilipie. Siku huanza na bunduki, chai baadaye.

Bunduki ni .308 Winchester ya kupakia risasi moja moja. Haina darubini juu. Nyuma kuna kitundu cha kuchungulia, mbele kuna pete, na mlengaji hulala kifudifudi akishikilia bunduki kwa mikono na ukanda tu, bila kuiegemeza popote. Asubuhi haisafishwi upya. Hupitishwa kitambaa kikavu kutoa mafuta ya jana usiku ndani ya mtutu, kisha kingine ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Chemba yenye mafuta hulifanya ganda la risasi liteleze badala ya kung'ang'ania ukuta, kwa hiyo bolti, kifungio cha nyuma ya chemba, hubeba mgandamizo wote na risasi za kwanza huenda kusikoeleweka.

Halafu skrubu: zinazoshika chuma kwenye mbao, na zile za vilengeo. Skrubu iliyolegea kidogo hutawanya risasi juu na chini, na mwenye bunduki atalaumu upepo hadi saa sita mchana. Mwisho, vilengeo virudishwe sifuri na kuhesabiwa upya, mlio kwa mlio; kila mlio wa kinobu cha kuvirekebisha ni robo dakika ya pembe, na dakika ni sehemu ya sitini ya nyuzi moja. Aliyeviacha kwenye yadi 600 akaenda kulenga yadi 1,000 amepungukiwa na dakika 18 hivi. Risasi yake itakwenda karibu mita 5 chini ya shabaha, ichimbe udongo.

Saa 1:00 asubuhi

Kadi ya zamu husema uwanja, umbali, namba ya shabaha na saa. Isome mara mbili. Mtu aliyelala mbele ya shabaha isiyo yake hasikilizwi kilio.

Risasi hutolewa na waandaaji, aina moja kwa wote: kichwa cha risasi cha greni 155, yaani gramu 10, kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 900 hivi kwa sekunde. Hii ni nafuu kwa mgeni, maana hana haja ya kubishana na shirika la ndege kuhusu kilo za baruti. Namba ya bunduki iliyoandikwa kwenye kibali chake cha polisi ifanane herufi kwa herufi na iliyochongwa kwenye chuma.

Begini: mkeka, koti gumu, glavu, ukanda, darubini na kiguu chake, vizibo vya masikio, daftari, penseli mbili (kalamu ya wino haiandiki mvuani), taulo, mfuko wa plastiki. Taulo ni la mvua. Risasi iliyolowa ikiingia chemba, maji huongeza mgandamizo na risasi hupanda juu. Jua nalo lina kesi yake: risasi zilizoachwa juani, au moja iliyokaa muda mrefu ndani ya chemba yenye moto, hupanda vilevile. Kwa hiyo sanduku la risasi hukaa kivulini likiwa limefunikwa, iwe mvua au jua.

Saa 2:15 asubuhi

Nyuma ya mstari, zamu ikisubiriwa, ndipo kazi yenyewe ilipo. Stickledown ni uwanja wa masafa marefu hapa Bisley, unafika hadi yadi 1,200. Yadi 1,000 ni mita 914, na risasi huzikata kwa sekunde moja na nusu hivi. Katika muda huo upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde huisogeza karibu mita 2 na nusu. Kiini cha alama 5 kina kipenyo cha sentimita 60 hivi. Piga hesabu: aliyekosea upepo kwa nusu mita tu kwa sekunde amefika ukingoni mwa kiini, hata kama mkono wake haukutikisika kabisa.

Bendera zimepangwa kando ya uwanja kwa umbali mbalimbali na hazikubaliani. Mgeni hutazama ile inayopeperuka kwa fujo zaidi kwa sababu inavutia macho. Afadhali achague moja au mbili zilizo upande upepo unakotoka, maana zinaonyesha kinachokuja na si kilichopita. Pembe nayo ina uzito wake. Upepo unaokatiza mstari wa risasi kwa nyuzi 30 una nusu ya nguvu ya ule unaopiga ubavu mzima.

Upepo mbaya kuliko wote ni ule wa kutoka mbele au nyuma unaochezacheza, kushoto kidogo, kulia kidogo. Bendera zinaonekana zimetulia, lakini kugeuka kidogo tu kunavusha risasi kutoka upande mmoja wa kiini hadi mwingine. Upepo mkali wa ubavuni unatisha zaidi kwa macho, ila walau unajulikana unatoka wapi.

Hapo darubini ndiyo husaidia. Ilenge kwenye shabaha, kisha irudishe nyuma kidogo mpaka shabaha ififie na mazigazi, mtetemo wa hewa yenye joto, yaonekane yakitiririka kama maji. Yanatiririka upepo unakokwenda. Yakichemka wima, upepo haupo au unakuja moja kwa moja kwenye mstari, na muda wa kuchemka ni muda mbaya wa kufyatua kwa sababu mara nyingi ndipo upepo unapogeuka. Upepo ukizidi nguvu, mazigazi hulala bapa na hayasomeki tena. Rudi kwenye bendera.

Saa 3:00 asubuhi

Watu wawili au watatu hulengea shabaha moja kwa zamu, kila mmoja akimwandikia mwenzake. Zinaanza risasi mbili za majaribio, kisha 15 za kuhesabiwa. Za majaribio zikiwa nzuri mlengaji anaweza kuzihamishia kwenye hesabu: ya pili peke yake, au zote mbili, kamwe si ya kwanza peke yake. Uamuzi hutangazwa kabla ya risasi inayofuata. Ukinyamaza, umezikataa.

Kila risasi ina sekunde 45. Mlengaji akifyatua, shabaha hushushwa handakini, mwekaji alama hutafuta tundu, hupachika kisahani hapo na kuonyesha alama, kisha shabaha hupanda. Wakati huo mikono ipumzike, macho yasipumzike. Risasi ya jirani ni habari ya bure, lakini ni nusu habari: hujui ameweka vilengeo vyake wapi.

Kila risasi huchorwa daftarini mara mbili: ilipoangukia, na upepo uliokuwepo kweli. Ukiwa umeweka dakika 6 kushoto na risasi ikaanguka dakika moja kulia kwa katikati ya kiini, upepo halisi ulikuwa wa dakika 7. Anayeandika 7 anajifunza. Anayeandika "alama 5, kulia" anakusanya majuto. Kimo ni hadithi tofauti. Risasi moja iliyopanda isifukuzwe kwa kushusha vilengeo. Ngoja ya pili na ya tatu zikubaliane nayo.

Alama zikipotea ghafla, sababu huwa chache. Ukanda uliokazwa kupita kiasi huleta mapigo ya moyo kwenye pete, na shabaha huruka kwa mdundo. Pete ya mbele iliyo ndogo mno huficha weupe unaozunguka alama nyeusi, jicho likakosa cha kupimia. Na kuna aibu kubwa: kupiga shabaha ya jirani. Mtu amepapasa mkeka, kiwiko kimesogea, mwili unaelekea kando, na shabaha zote zinafanana. Jirani anapata shimo la bure, yeye anapata sifuri. Dawa ni kusoma namba ya shabaha kabla ya kila risasi, hata ile ya 15.

Mwisho wa zamu, bolti hufunguliwa, chemba hukaguliwa na kuwekewa kibendera cha plastiki, na maganda huokotwa. Matokeo husomeka kwa nambari mbili: 71.6 ni pointi 71 kati ya 75, na mara 6 ndani ya V, duara dogo katikati ya kiini linalotenganisha waliofungana.

Saa 6:00 mchana

Kivuli, maji, chakula chepesi. Shibe huleta mapigo ya moyo yaleyale ya ukanda.

Saa 8:00 mchana

Mchana ni wa timu, na kazi hugawanywa upya. Kocha hukaa nyuma ya mlengaji na darubini, yeye ndiye husoma upepo na kusema kinobu kizungushwe wapi. Mlengaji hubaki na kazi mbili: kushika vizuri, na kusema ukweli. Hata mashindano ya Palma, ya timu za mataifa kwa masafa marefu, yaliyoanzia Creedmoor, New York, mwaka 1876, yanaendeshwa hivyo.

Ukweli huo huitwa kabla kisahani hakijaonekana: "imetoka namba tatu, nusu dakika". Wanaozungumza Kiswahili wakubaliane mapema kwamba tatu ni tarakimu iliyo kwenye uso wa saa. Kwa mazoea yetu "saa tatu" mshale uko kwenye tisa, na kocha aliyeelewa hivyo atasahihisha kuelekea upande usiofaa, mara mbili ya kosa.

Kocha akisema "piga", ana maana sasa, ndani ya sekunde tatu au nne. Anayengoja picha nzuri zaidi kwenye pete anafyatua ndani ya upepo mwingine. Akiwa hayuko tayari, aseme, hakuna anayegomba.

Mstari huu hautengi wanawake na wanaume. Mwanamke, Marjorie Foster, alishinda Tuzo ya Mfalme, tuzo kuu ya Bisley, hapahapa mwaka 1930.

Saa 11:30 jioni

Usafi usisubiri usiku. Fimbo iingie kutoka upande wa chemba kupitia mwongozo wake. Ikipita mdomoni mwa mtutu hukwaruza pale ambapo risasi huagana na chuma. Dawa ya masizi kwanza, kisha ya shaba, ngoja dakika zilizoandikwa kwenye chupa, vuta vitambaa mpaka ubluu uishe. Kausha, paka mafuta kidogo, funga kabatini. Koti lililolowa litandazwe, lisikunjwe. Likikauka na mikunjo, kiwiko cha kesho hakitakaa mahali pake.

Saa 2:00 usiku

Karatasi ya kesho inasema yadi 900, zamu ya kwanza. Kutoka kimo cha 1,000, shusha dakika 5 hivi, milio 20. Andika kwenye kipande cha tepu, kibandike kitakoni mwa bunduki, lakini vinobu usiviguse mpaka asubuhi, utakapovihesabu upya kutoka sifuri.