Rangi tano, dakika 45: kuchora baada ya kustaafu

Kiinua mgongo kikishaingia benki na sherehe ya kuagwa ikapita, kinachobaki ni asubuhi. Saa moja na nusu, ile ambayo kwa miaka 30 ilikuwa ya kutafuta viatu na funguo, sasa hakuna anayekungoja popote. Wengi huanza kuumia hapo, kabla hata pensheni haijaanza kuonekana ndogo. Na kama mwenzi naye ametangulia mbele ya haki, kimya cha nyumba huwa na uzito wake.

Kuchora kunasaidia, lakini si kwa sababu picha itatoka nzuri. Kunasaidia kwa sababu ni kazi yenye saa yake, yenye mpangilio, na yenye kungoja: rangi haikauki kwa kulazimishwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika picha. Kwa takriban robo tatu yao kortisoli, homoni inayopanda wakati wa msongo, ilishuka, na wenye uzoefu wa sanaa hawakuwapita wasio nao. Hawakuwa wastaafu, na wapo ambao kwao ilipanda, kwa hiyo usiichukulie kama dawa. Lakini dakika 45 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Weka saa 3 asubuhi, siku nne kwa wiki, na muda ukiisha acha hata kama mkono bado unataka. Kesho utakuwa na pa kuanzia.

Sasa vifaa. Ukiuliza mtaani Dar es Salaam utaelekezwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupaka milango, kwa kuwa mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 ulitumia rangi za namna hiyo kwenye hadibodi. Ni mtindo wa kujivunia, ila rangi hiyo si ya mtu anayeanza akiwa sebuleni. Harufu yake inaumiza kichwa, brashi husafishwa kwa thina, na ukikosea unangoja mpaka kesho yake ndipo urekebishe. Chukua rangi ya akriliki, ile ya tyubu. Huchanganywa na maji, safu nyembamba hukauka kwa dakika 10 hadi 20, na kosa unalipaka juu likapotea siku hiyohiyo. Kitu cha kuiga kwa Tingatinga ni utaratibu: kwanza rangi ya nyuma ya picha yote, ikauke, kisha umbo zima la mnyama au mti, likauke, mwisho madoa na mistari. Akili yenye mawazo mengi hutulia ikijua hatua inayofuata ni ipi.

Rangi tano zinatosha: nyeupe, njano, nyekundu, buluu ya ultramarini, na kahawia ya udongo mwekundu. Nyeupe nunua mara mbili ya nyingine kwani ndiyo huisha kwanza. Nyeusi usinunue. Changanya buluu na kahawia kwa kiasi kinacholingana. Utapata giza linaloweza kuelekea baridi au joto kadiri unavyozidisha moja. Brashi tatu: bapa ya inchi 1, bapa ya nusu inchi, na ya duara namba 4. Seti za brashi 20 za bei ndogo humwaga nywele kwenye picha.

Kuhusu pa kuchorea, shiti moja ya hadibodi ya futi 8 kwa 4 ukimpa fundi seremala aikate vipande vya sentimita 30 kwa 40 inatoa vipande 24, kazi ya miezi. Upande laini usugue kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao uondoke, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha paka rangi ya maji nyeupe ya ukutani isiyong'aa, mikono miwili, yaani safu mbili. Mkono wa kwanza ongeza maji kiasi cha robo, ngoja muda wa saa nne, kisha paka wa pili bila maji. Paka na upande wa nyuma, hapo ndipo wengi hukosea: hadibodi iliyopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu upande ule mwingine na kupinda kama kaukau.

Joto la pwani na upepo wa feni hukausha akriliki hata kwenye sahani. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, tandika kitambaa kilicholowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi uiweke hapo. Ukifunika inakaa siku mbili au tatu. Maji ya kuzimulia yasizidi theluthi moja ya rangi. Yakizidi, gundi iliyomo inakosa nguvu na safu itakwanguka kwa kidole. Tena jua kwamba akriliki ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu gundi hiyo ni nyeupe kama maziwa ikiwa na maji na huwa angavu yakishakauka. Basi changanya ikiwa na weupe zaidi kidogo kuliko unavyotaka.

Wiki ya kwanza usichore picha ya kitu chochote. Chora visanduku 9 mfululizo, kimoja nyeupe kabisa, cha mwisho giza lako la buluu na kahawia, na katikati ngazi zinazoshuka sawasawa. Tia giza ndani ya nyeupe, kiasi cha punje ya mchele kila mara. Ukifanya kinyume utamaliza tyubu nzima ya nyeupe na bado uko kwenye kijivu. Ni kazi ya kurudiarudia, na mtu mwenye huzuni huiweza hata siku ambayo hawezi kuzungumza na mtu.

Wiki ya pili chukua kikombe cha bati, kiweke karibu na dirisha, mwanga upande mmoja. Finya macho mpaka uone sehemu tatu tu: ya mwanga, ya kati, ya kivuli. Hizo ndizo za kupaka kwanza, kwa brashi kubwa. Mng'ao wa ukingoni ni tone la mwisho. Picha ikigeuka rangi ya tope, chanzo karibu kila mara ni njano, nyekundu na buluu kukutana zote kwenye brashi isiyooshwa.

Hapa nisisitize jambo moja kwa mjane na mgane. Usianze na uso wa marehemu. Hamu yake ni kubwa, na picha ya harusi iko pale ukutani inakutazama. Lakini uso ndio umbo gumu kuliko yote. Jicho likisogea milimita mbili anatokea mtu mwingine, na kumkuta mgeni mahali pa mpendwa wako kunaumiza upya. Chora vitu vyake. Kofia yake, kiti chake, kanga yake kwenye kamba, miwani juu ya msahafu au Biblia. Kofia ikipinda kidogo bado ni kofia yake. Machozi yakija, weka brashi kwenye maji, lia, kisha rudi umalize safu uliyokuwa nayo. Uso uache mpaka umemaliza vipande 20 hivi, na hapo tumia miraba: sentimita 1 kwenye nakala ya picha, sentimita 3 kwenye hadibodi. Kumbuka macho hukaa katikati ya kichwa, si juu kama anayeanza anavyodhani.

Mikono yenye baridi yabisi isikukatishe tamaa. Anna Mary Robertson Moses wa Marekani aliacha kudarizi kwa sababu hiyohiyo, akashika brashi akiwa na zaidi ya miaka 75, akachora mpaka karibu na kifo chake mwaka 1961, akiwa na miaka 101. Vika mpini wa brashi bomba laini la mpira uwe mnene, na uvute mstari kutoka begani. Rangi zikianza kuonekana za manjano au zimefifia, pima macho. Mtoto wa jicho hufanya hivyo.

Usingizi ukikosekana, chakula kikakataa na kila kitu kikapoteza ladha kwa zaidi ya wiki mbili, au yakaja mawazo ya kutotaka kuishi, mwone daktari siku hiyo. Kuchora kutaendelea sambamba na matibabu.

Nyuma ya kila kipande andika tarehe, na neno moja la hali uliyoamka nayo. Kiegemeze ukutani kikiwa kimegeuzwa, usikitazame kwa wiki nzima. Wajukuu wakikiomba wape, ila kile cha kwanza kabisa, chenye visanduku 9, kibaki kwako.