Dalton wa jenereta

Wiki hii Rehema amejifungua salama, mtoto wa kike, ofisini tumeletewa mkurugenzi mpya, na hati ya kile kiwanja cha Nzuguni hatimaye imetoka. Namshukuru Mungu kwa yote. Lakini nikiweka kichwa kwenye mto, yanayonijia ni maneno ya Method kwenye basi la wafanyakazi Jumanne jioni, tukitoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kurudi Dodoma mjini.

Method mnamjua, yule wa manunuzi. Ndiye aliyesimamia michango ya msiba wa shangazi, na aliisimamia vizuri, senti haikupotea. Si mtu mbaya hata kidogo. Ndiyo maana imeniuma.

Kijana wa TEHAMA alikuwa anatusomea habari kutoka kwenye simu: filamu ijayo ya James Bond, yule jasusi wa Kiingereza, itaongozwa na Denis Villeneuve, yule wa Dune, na tangu 2025 kauli ya mwisho iko kwa Amazon MGM baada ya Barbara Broccoli na Michael G. Wilson kuachia usukani. Sasa nani atakuwa Bond? Basi zima likalipuka. Mzee wa masijala akasema kama si Sean Connery hakuna Bond, mtu akaangalie kwanza Goldfinger ya 1964 ndipo afungue mdomo. Kina dada wa uhasibu wote walikuwa na Daniel Craig, na filamu yao ni Skyfall. Mama wa utumishi alimtaka Roger Moore, filamu saba si mchezo, na anaua huku anatabasamu. Kijana mwenyewe akamtetea Pierce Brosnan kwa kile kifaru kinachobomoa mitaa ya St. Petersburg kwenye GoldenEye. Idris Elba naye akatajwa, maana hakosi kutajwa, ingawa mwenyewe keshasema si yeye.

Mimi nikasema, "Timothy Dalton."

Method alikuwa viti viwili mbele yangu. Akageuka.

"Yule wa filamu mbili?"

"Huyo huyo. Na ya pili ndiyo bora kuliko zote."

"Ipi?"

"Licence to Kill. Ya 1989."

"Dada'ngu, hiyo uliionea wapi?"

"Nyumbani, nikiwa mdogo."

"Nyumbani Kibakwe? Umeme mlikuwa nao?"

"Tulikuwa na jenereta."

Hapo ndipo alipoacha kunitazama mimi, akawatazama wenzake, akasubiri kidogo wote wamgeukie, kisha akasema, "Aaa! Kumbe huyo ni Dalton wa jenereta."

Basi lilicheka kuanzia viti vya mbele mpaka vya nyuma. Mzee wa masijala alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilitabasamu, kwa sababu ungefanya nini kingine, barabara ndefu na unashuka na watu hao hao na kesho unapanda nao.

Nimeyarudia maneno hayo nikiosha vyombo, nikimvalisha Junior soksi, nikiwa kwenye kikao cha kumkaribisha mkurugenzi. Narudi kila mara pale pale: aliponiacha mimi akawageukia wao. Angetaka kubishana angesema Dalton ni mkavu, hana utani, filamu zake hazikuingiza fedha. Hayo yanajibika. Yeye aliuliza umeme. Yaani kwake yeye, mtu aliyemwona Bond kwenye ua wa Kibakwe kwa televisheni ya inchi kumi na nne hawezi kuwa na kauli sawa na aliyemwona kwenye ukumbi wa sinema Dar es Salaam.

Basi acheni niyaseme hapa, kwa urefu ninaoutaka.

Filamu mbili si dalili kwamba watu walimkataa. Baada ya 1989 kulikuwa na kesi na mivutano ya umiliki wa studio, miaka sita ikapita bila Bond yeyote kwenye sinema, na Dalton akajitoa 1994 kabla ya GoldenEye kupigwa. Licence to Kill nayo Marekani ilitoka majira yale yale ya Batman na Indiana Jones. Nani angepona hapo? Halafu watu wanasema Craig ndiye aliyemfundisha Bond kuumia. Sina ugomvi na Craig. Casino Royale ya 2006 ni filamu kubwa, na Vesper, mpenzi wake Bond, akizama mle majini ukabaki na macho makavu, wewe una lako. Ila maumivu hayakuanza kwake. Mwaka 1969 George Lazenby, ambaye watu wanamtaja kwa kumcheka tu, alimaliza filamu yake amemkumbatia mke aliyepigwa risasi siku ile ile ya ndoa. Kisha akaja Dalton, aliyerudi kwenye vitabu vya Ian Fleming, mtunzi aliyembuni Bond, na kuvisoma ili amjue mtu mwenyewe. Rafiki yake Bond, Felix Leiter, anatupwa kwa papa siku ya harusi yake na bibi harusi anauawa. Hilo la papa lilitoka kwenye kitabu cha Fleming cha 1954, likakaa miaka yote hiyo mpaka alipopatikana mwigizaji wa kulibeba. Bond anapokonywa leseni, anawaasi wakubwa zake, anaingia mwenyewe nyumbani kwa adui. Si kwa ajili ya Malkia. Ni kwa ajili ya rafiki. Mtazameni Dalton usoni pale anapomkuta Felix amefunikwa shuka. Hakuna anayetabasamu pale.

Sasa ule ua.

Baba alinunua deki na jenereta dogo la petroli kwa fedha za likizo za miaka kadhaa. Jenereta lilikaa nyuma ya zizi la mbuzi ili kelele zisimeze sauti. Kabla ya kuweka mkanda alifungua kifuniko cha deki, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta kichwa taratibu huku amebana pumzi, na sisi watoto tulikatazwa hata kupiga chafya. Kila mtu alikuja na kiti chake. Baba alisimama pembeni ya televisheni na fimbo ya ubaoni, akatafsiri: Kiswahili kwa wote, kisha Kigogo kwa kina bibi waliokaa mbele kwenye mkeka. Steringi akibanwa, ua mzima ulimtia moyo kwamba steringi hafi.

Katika Licence to Kill kuna mahali, baada ya harusi, mke wa Felix anamtania Bond kwamba wa kufuata kuoa ni yeye. Uso wa Dalton unafunga, anaaga, anaondoka. Yule mke anauliza kama amesema vibaya, na Felix anamwambia kwamba huyu aliwahi kuoa, zamani. Ni sekunde chache, ukienda kuchukua maji zinakupita. Baba alisimamisha mkanda. Picha ikatetemeka na ile mistari myeupe, naye akaeleza kwamba mtu huyu alioa, mke akauawa siku ya ndoa, ndiyo maana hataki mzaha wa harusi. Akarudia kwa Kigogo. Bibi mmoja akauliza kutoka mkekani, "Aliacha mtoto?"

Baba akajibu, "Hakuacha."

Bibi akasema, "Pole yake." Na ua mzima, watu wazima na watoto, tukasema pole.

Method hajawahi kuiona filamu hiyo namna ile. Wala kina dada wa uhasibu. Kwenye basi sikulisema, na hata leo sijui ningelisema vipi kati ya vicheko vile bila sauti kunikatika.

Jumatano nilimpigia baba. Nikamwambia watu wamebishana Bond yupi bora. Akauliza, "Wewe ulisema Dalton?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," akahamia kwenye bei ya alizeti. Mwishoni akauliza kama mpya imeshatoka. Nikasema bado. Ile ya 2021 hajaiona, No Time to Die, na mimi sijamwambia kwamba Craig anabaki kisiwani makombora yanashuka na safari hii steringi anakufa. Method anasema hilo ndilo linalomweka Craig juu ya wote. Inawezekana. Lakini siwezi kulitamka kwenye simu kwa mwalimu aliyesimama na fimbo miaka yote ile akituhakikishia.

Ijumaa ndiyo imenigeuza moyo. Method alikuwa Dar kikazi, basi lilikuwa nusu. Mimi hushuka mwisho kabisa, kule Ilazo, na dereva wetu huwa si mtu wa maneno, salamu na kwaheri basi. Nilipofika mlangoni akazima redio.

"Dada, samahani. Ile filamu mliyobishania juzi. Yule aliyelishwa papa alikuwa rafiki yake, siyo?"

"Ndiyo. Felix."

"Niliiona Kondoa. Kwa jenereta pia." Alisema hivyo bila kucheka. "Ilizimika pale malori ya mafuta yanapoanza kukimbizana barabarani. Petroli iliisha. Kesho yake mwenye mkanda alikuwa keshaondoka kwenda Babati. Yule adui, Sanchez, aliishia wapi?"

Jamani! Mtu ameendesha magari maisha yake yote, amelea watoto, na hilo swali yuko nalo.

Nikarudisha mguu ndani. Nikamweleza malori yanavyoisha moja baada ya jingine, na lile ambalo Bond analiinua likaenda kwa magurudumu ya upande mmoja. Hapo akapiga kofi kwenye usukani. Nikamweleza mwisho wanavyobaki wawili chini ya mlima, wote hoi, Sanchez ameshika panga na amelowa petroli mwili mzima. Amelinyanyua panga. Bond anamuuliza kama hataki kujua kwa nini. Kisha anatoa kile kiberiti cha gesi.

"Kiberiti gani?"

"Alichopewa na Felix na mkewe siku ya harusi, kwa kuwa msimamizi wao."

Dereva akanyamaza. Nyuma yetu bajaji ilikuwa inapiga honi, hakuisikia. Akauliza taratibu, "Cha harusi?"

"Cha harusi."

"Akamchoma nacho?"

"Akamchoma nacho."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyelipwa deni la zamani, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema atamsimulia kaka yake, maana walikuwa wote siku ile na kaka amekuwa akidai miaka yote kwamba Sanchez alitoroka. Nilitembea mpaka nyumbani na lile vumbi la Ilazo lote puani, nikiwa na furaha kuliko ile niliyoipata nilipopigiwa simu kuhusu hati. Rehema atanisamehe, kwake furaha ni nyingine.

Method anarudi Jumatatu. Nikimwona nitamwalika nyumbani aje tuiangalie, na nitasimamisha pale pale baba aliposimamisha.

Ila hiyo Jumatatu yenyewe sijui nitatokaje. Dada wetu wa kazi, Tumaini, alienda Manyoni Ijumaa usiku, mama yake anaumwa, akaahidi kurudi leo mchana. Sasa ni saa nne usiku na simu yake haipatikani tangu jana. Mama Mdogo anasema nimpelekee Junior Chamwino alfajiri, lakini basi la Mtumba linaondoka saa kumi na mbili na nusu, mkurugenzi mpya ameitisha kikao cha kwanza saa mbili kamili, na mtoto tangu magharibi ana joto ambalo silipendi.